Zaburi Iliyoimbwa Mashuani

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, au ushukaye kutoka milima ya Mbinga kwenda ufukoni mwa Ziwa Nyasa, waijua vyema furaha ya kuiona mashua ikikaribia nchi kavu. Leo tujifunze habari za mashua moja iliyomo katika utenzi mashuhuri juu ya maisha ya baada ya kufa.

Dante Alighieri alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1265, akafa Ravenna mwaka 1321. Utenzi wake, Divina Commedia, una nyimbo 100, nao wasimulia safari ya Jahannamu, Toharani na Peponi. Labda utauliza: Sisi Waislamu yatufaa nini kuusoma? Ni kweli kwamba katika wimbo wa 28 wa Jahannamu mshairi huyo alimvunjia heshima Mtume wetu Mtukufu s.a.w., na hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Lakini Kurani Tukufu (5:9) yatuamuru kufanya uadilifu hata kwa watu tusiopatana nao. Basi lililo jema tulitaje kuwa jema.

Katika wimbo wa 2 wa Toharani, malaika aleta mashua isiyo na tanga wala makasia. Ndani yake mna roho zaidi ya mia moja, zikiimba kwa sauti moja Zaburi ya 114, ambayo katika Biblia ya Kilatini ni ya 113. Zaburi hiyo yakumbusha jinsi Waisraeli walivyotoka Misri. Kwa nini wafu waimbe habari za Misri? Dante mwenyewe alieleza katika kitabu chake Convivio kwamba, kwa maana ya kiroho, ni roho kutoka dhambini ikawa takatifu na huru.

Sasa angalia yafuatayo. Roho zashuka ufukoni. Mwimbaji Casella, rafiki yake Dante, aombwa kuimba, naye aimba shairi la mapenzi alilolitunga Dante mwenyewe. Wote wasimama kusikiliza, safari wameisahau! Ndipo Cato, mzee wa Kirumi, awakemea wakimbilie mlimani wakatakaswe.

Hapo msomaji wa Biblia atakumbuka Hesabu 11:5, jinsi watu waliokwisha kuokolewa walivyowatamani samaki na matango ya Misri. Kurani Tukufu (2:62) nayo yaeleza walivyomwambia Musa a.s. kwamba hawawezi kuvumilia chakula cha namna moja. Tena katika wimbo wa 18 wa Toharani, Dante awataja waziwazi wale waliopasuliwa bahari wakafa kabla ya kufika Yordani, wawe mfano wa uvivu.

Ndugu msomaji, roho zile hazikuimba uongo. Ila zaburi ilipokwisha, miguu ilisimama. Mvuvi aliyefika pwani salama, akaketi kuzungumza hadi adhuhuri, samaki wake wataoza mchangani. Ndivyo alivyo mtu aliyesali alfajiri, kisha akarudia yale yale aliyoyatubia.

Basi jirani yako Mkristo akiiimba zaburi hiyo, usibishane naye. Mwulize kwa upole: Tumetoka Misri, je, leo tumesogea hatua ngapi? Nawe ujiulize kwanza. Mwenyezi Mungu atujalie tusikwame ufukoni. Amin.