UZITO WA MAMA NA UKUAJI WA MTOTO NJITI

Leo nazungumza na kina dada wajawazito mnaofuata mikoba Shiling, pamoja na waume zenu.

Mtoto njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Mama mwembamba sana na mama mnene kupita kiasi, wote wako katika hatari zaidi ya kujifungua mapema. Chukua kilo zako za kabla ya mimba, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huohuo. Chini ya 18.5 ni wembamba. Kwa daktari wa China, unene huanzia 24 na unene wa kupindukia 28.

Kwa kipimo cha China cha mwaka 2022, mimba ya mtoto mmoja huongeza hivi:
- Mwembamba: kilo 11 hadi 16
- Wa kawaida: kilo 8 hadi 14
- Mnene: kilo 7 hadi 11
- Mnene kupindukia: kilo 5 hadi 9

Dada yangu, kuzunguka sokoni kutwa nzima kwa chai tupu hakumtoshi mtoto. Na kama u mnene, usijinyime chakula ili ukonde. Punguza soda na vya kukaanga.

Mtoto akishazaliwa, angalia mizani vizuri. Wachina hutaja uzito kwa jin, na jin 1 ni nusu kilo. Ukiambiwa mtoto ana jin 4, ana kilo 2 tu! Usistarehe ukidhani ni bonge.

Njiti hupungua kwanza, halafu hurudia uzito wake kwenye wiki ya 2 hivi. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki 8. Akifika miezi 4, mhesabu kama wa miezi 2. Hesabu hiyo ifuate hadi miaka 2.

Maziwa yako yanamfaa, uwe mwembamba au mnene. Kwa mama mnene yanaweza kuchelewa, basi kamua mapema, mara 8 au zaidi kwa siku. Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 au zaidi kila siku. Baba naye anaweza.

Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au midomo ikiwa ya bluu, usisubiri mzigo ufungwe. Piga 120.