Sulhu ya Wafugaji na Ada Zao

Tumeulizwa na ndugu mmoja wa darasa letu, ambaye biashara yake humpeleka Lodwar mara kwa mara, swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa ili faida yake iwaenee wengi. Asema kwamba Kanamkemer, katika mji huo wa Turkana, wako watu waliopoteza mifugo yao, wengine kwa ukame na wengine kwa uvamizi, na Waislamu wa huko wataka kushirikiana na majirani kuwasaidia wasimame tena. Lakini wazee wa Kiturkana wamewaambia kuwa hapana kujenga kabla ya sulhu, na sulhu yao ina mambo yake: huchinjwa dume, wanaume huketi kwa daraja za umri, silaha hufukiwa, na viapo huapwa. Je, yamfaa Mwislamu kuhudhuria jambo hilo na kulisaidia, au ni ujahili upasao kuepukwa?

Kabla ya kujibu twataka msomaji alijue jambo lenyewe, kwani wengi wetu wa pwani humhukumu mtu wa bara kwa vazi lake kabla ya kumsikia.

Mwezi wa Desemba mwaka 1973, Waturkana wa Kenya na Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakaramojong wa Uganda, walikutana Lokiriama, karibu na mpaka, wakapatana kuacha kuuana na kunyang'anyana ng'ombe. Silaha zikafukiwa ardhini. Watu hawa husikilizana kwa lugha, na asili yao ni moja. Basi kila upande uliujua uzito wa kile kiapo, kwa kuwa kilikuwa kiapo chake pia. Hapakuhitajiwa mkalimani wa kueleza ni nini kitamfika mwenye kukivunja. Miaka sita baadaye, mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Wamatheniko waliingia katika ghala la silaha la kambi ya Moroto, wakatoka na bunduki nyingi mno. Mtu angedhani kuwa mapatano ya zama za mikuki yatakufa siku hiyo. Hayakufa. Yamevunjwa hapa na pale, na damu imemwagika, hatusemi kwamba hayana doa. Walakini pande mbili hizo zimezoea kurudi Lokiriama mwezi wa Septemba kuyakumbuka, na Mturkana ukame umshikapo huvuka na mifugo yake kutafuta majani na maji kwa wale wale waliokuwa adui za babu zake.

Serikali nazo zimejaribu njia zao. Uganda ilianza kuwanyang'anya Wakaramojong silaha mwaka 2001, kisha ikarudia kwa nguvu zaidi mwaka 2006, na Kenya nayo imefanya operesheni zake upande wa huku. Hatuikatai haki ya dola kukusanya bunduki. Ila aliyenyang'anywa leo, na jirani yake bado anayo, kesho huwa windo. Naye akipata njia hununua nyingine. Tarehe 12 Septemba 2019, marais wa nchi mbili hizo walikutana Moroto kushuhudia mkataba wa amani na maendeleo ya mpakani. Mwezi wa Mei 2023, Rais Museveni akatoa amri ya kuwapa Waturkana miezi sita wasalimishe bunduki zao, la sivyo watafukuzwa wao na mifugo yao wasirudi tena. Karatasi ile na amri hii hazikukosa sababu. Lakini mchungaji aliye nyikani hazioni; amwonaye ni mzee wake, na amwogopaye ni yule aliyeapa mbele yake.

Na tusidanganyane kwamba kila ada ni dawa. Mahari ya ng'ombe wengi humsukuma kijana asiye nao kwenda kuwatwaa kwa wengine, na nyimbo za kumsifu aliyerudi na mifugo ya watu nazo ni ada. Kwa Wapokot, ambao lugha yao ni nyingine kabisa, mapatano yamefanywa mara nyingi na mara nyingi yamevunjika. Kuna ugomvi wa mpaka na wa malisho huko Kainuk na Turkwel ambao kuchinja dume peke yake hakuumalizi. Twaona pia kwamba mapatano mengine huwekwa na wakubwa barazani, picha zikapigwa, na vijana wenye bunduki wakapata habari baadaye. Sulhu ya namna hiyo haina mwenyewe.

Kuna na sherehe ya Lodwar iitwayo Tobong'u Lore, maana yake karibuni tena nyumbani, ambayo huwakusanya Waturkana na jamaa zao wa Uganda, Sudani Kusini na Uhabeshi. Baadhi ya ndugu zetu watakunja uso wakisikia ngoma. Nasi hatusemi kuwa ngoma huleta amani. Twasema tu kwamba mtu aliyekaa na mwenzake akasikia majina ya koo zao yanafanana, si rahisi kumpiga risasi kama aliyekuwa hamjui.

Ama hukumu yenyewe, aliyesoma sira aijua Hilful-Fudhul. Makureshi walikutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an wakaapa kumtetea mwenye kudhulumiwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwako naye ni kijana kabla ya utume. Ilikuwa ahadi ya zama za ujahili, yenye ada za watu wa zama hizo. Na baada ya Uislamu hakuitupa, bali alisema kuwa angeitwa kwayo angeitika. Tena ilipojengwa upya Al-Kaaba, na koo zikakaribia kupigana kwa ajili ya Jiwe Jeusi, hakuwaambia waache koo zao. Alitandika nguo, akawataka wakuu wa kila upande washike ncha, wakalinyanyua pamoja. Kila mmoja alirudi na heshima yake. Na mafakihi wetu huipa ada ya watu nguvu ya hukumu maadamu haigongani na nassi.

Basi jawabu letu ni hili. Kuhudhuria na kuwa shahidi wa sulhu, kutoa ng'ombe wa fidia, kumchukua mzee kwa gari hadi mkutanoni, yote hayo yafaa, nasi twayaona ni katika mema. Nyama isiyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu asiile, na aombe udhuru kwa adabu. Wazee wale ni waungwana na huelewa. Dua aombayo asiyekuwa Mwislamu si juu yetu kuiitikia. Lakini ahadi iliyofungwa pale yamfunga na yeye.

Atakayedhani kuwa haya ni mambo ya nyika tu, na akumbuke Tana River. Mwaka 2012, Wapokomo na Waorma, na katika makabila yote mawili wamo Waislamu, waliuana kwa ajili ya mashamba na maji ya mto. Katika kijiji cha Riketa peke yake walikufa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Wapokomo wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa, na Waorma wana Matadheda. Sisi watu wa miji tulituma unga na mablanketi, na tulifanya vyema. Ni wangapi waliouliza wazee hao wameketi wapi?

Kwa ajili hiyo, ndugu wanaokusanya mchango wa Kanamkemer twawaomba wasichimbe kisima kabla ya kuwauliza wazee wa pande zote zitakazonywesha hapo, kwani kisima kilichowekwa penye malisho ya wengine huzaa vita vipya. Na sehemu ya mchango itengwe kwa gharama za mkutano wenyewe: usafiri, chakula, na ng'ombe.