Mahojiano ya Kazi kama Sajili: "Tueleze Machache Kukuhusu"

Makala hii inanuia kuyatazama mahojiano ya kazi kwa jicho la isimujamii na pragmatiki. Darasani tumechambua sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya biashara hadi tukazikariri. Sajili ya mahojiano, ambayo mhitimu huikabili akiwa na bahasha ya vyeti mkononi na riziki yake ikiwa mizanini, tunaipita upesi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefuzu vizuri hushindwa na kauli ya kwanza ya jopo: "Tueleze machache kukuhusu."

Kisarufi hiyo ni amri; kipragmatiki ni swali, nalo ni hili: kwa nini tukupe wewe kazi hii? H. P. Grice, katika makala yake ya 1975, alieleza kuwa wazungumzaji hushirikiana kwa kuzingatia kaida nne: kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Mhojiwa anayeanza na shule ya msingi aliyosomea Kangemi, kisha akaorodhesha ndugu zake, amesema kweli tupu, lakini amekiuka kaida za kiasi na uhusiano. Dakika mbili zinatosha: alichosomea, kazi moja aliyoitenda, na namna kazi hiyo inavyooana na nafasi iliyotangazwa. Basi tangazo la kazi lisomwe kama tusomavyo shairi, neno kwa neno, kwa maana maswali mengi huchimbuka humo.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni wa adabu. Tumelelewa na methali "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", na kujisifu mbele ya wakubwa huonekana utovu wa haya. Kwa hiyo mhojiwa hujificha nyuma ya kiambishi tu-: "Tuliandaa kongamano la chama." Jopo halijui yeye alifanya nini, huenda alikuja kula mandazi tu. Mlinganishe na anayesema: "Kongamano tuliliandaa watu sita. Mimi niliandika barua za kuomba ufadhili, nikahariri makala tisa." Huyu hajajisifu, ametoa ushahidi. Kiambishi ni- hakina kiburi kinapoandamana na kitenzi cha kazi halisi. Kiburi hukaa katika vivumishi: hodari, mahiri, stadi.

Anayetaka mifano hai atazame mahojiano ya kumtafuta Jaji Mkuu, ambayo Tume ya Huduma za Mahakama iliyafanya hadharani mwaka 2011, 2016 na 2021. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipuli alichovaa sikioni. Alijibu kuwa hangekivua hata kama hilo lingekuwa sharti la kupata kazi. Kazi aliipata. Simshauri mhitimu yeyote aende na kipuli. La kuiga ni jibu lisiloyumba.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, ila majopo mengi ya Nairobi huhoji kwa Kiingereza, hata pale nafasi inapohusu Kiswahili. Mhitimu ajiandae kuieleza taaluma yake kwa lugha zote mbili, bila kuzichanganya. Akiulizwa kwa nini alisomea Kiswahili, jibu la "ni lugha ya taifa" halimfai. Jopo linalijua hilo. Afadhali ataje tafsiri aliyoifanya, neno lililomsumbua humo, na jinsi alivyolitatua.

Kuhusu safari, anayetoka Uthiru au Kawangware kwenda Harambee Avenue au Upper Hill alizuru jengo siku iliyotangulia, alijue lango na orofa. Msongamano wa asubuhi wa Waiyaki Way hausikilizi udhuru.

Mwishoni jopo huuliza: "Una swali lolote?" Hapa zamu ya kuuliza humwendea mhojiwa, na wengi huirudisha kwa "La, asante." Aulize jambo ambalo tangazo halikulisema, kwa mfano: atakayeajiriwa atatarajiwa kukamilisha nini katika miezi mitatu ya kwanza? Suala la mshahara aliachie jopo liligusie kwanza.