Jinsi ya Kumtumia Laptopu Iliyotumika Mwanafunzi Aliyeko Uingereza

Mtoto yuko Leeds, laptopu yake imekufa katikati ya muhula, na nyumbani Dar kuna nyingine imekaa tu kabatini. Hii ndiyo njia ya kumfikishia.

Hatua ya 1: Ikague. Iwashe uitumie saa nzima. Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, hivyo mashine isiyokubali Windows 11 haistahili kulipiwa nauli ya ndege. Tazama pia mgongo wake. Ukiona umetuna, betri imevimba, na betri ya namna hiyo hairuhusiwi kupanda ndege.

Hatua ya 2: Tafuta msafiri kwanza. Mwanafunzi mwenzake anayerudi chuoni ni bora kuliko kampuni yoyote. Mpe laptopu ikiwa wazi, aiwashe mwenyewe, kisha aiweke kwenye begi la mkononi. Usimpe mzigo uliokwisha kufungwa gundi. Akikataa, ana haki.

Hatua ya 3: Ukikosa msafiri, soma betri. Kampuni za vifurushi zitakuuliza nguvu yake kwa wati-saa. Kama haikuandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa: volti 11.4 mara 3.5 ni kama wati-saa 40. Mpaka wa kawaida ni 100, na laptopu nyingi zimo humo. Betri ibaki ndani ya mashine. Ya akiba usiitie kabisa.

Hatua ya 4: Funga. Futa mafaili yako na utoke kwenye akaunti zako zote. Izime kabisa, isiachwe imelala tu. Izungushie plastiki ya viputo, uiweke katikati ya boksi gumu, kisha ujaze pande zote mpaka ukitikisa isisikike. Chaja ifungwe peke yake, isije ikakwaruza kioo. Adapta usinunue: plagi yetu ya pini tatu ndiyo ya Uingereza.

Hatua ya 5: Jaza fomu ya forodha kwa ukweli. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wengi huandika "zawadi, pauni 20" wakidhani wamewahi. Kwanza, zawadi husamehewa kodi ikiwa thamani yake haizidi pauni 39, na ofisa wa forodha anajua laptopu inauzwaje. Pili, ikipotea, utalipwa kwa thamani uliyoandika. Andika "laptopu iliyotumika", aina yake, namba yake ya utambulisho na bei ambayo ungeiuza leo. Laptopu haitozwi ushuru wa forodha Uingereza, ila kuna VAT ya asilimia 20, ambayo kwa kawaida hupigwa hata juu ya nauli. Ya pauni 150 iliyosafirishwa kwa pauni 60 itadaiwa 42, na kampuni itaongeza ada yake. Kama mashine ni mali ya mwanafunzi mwenyewe aliyoiacha nyumbani, aulize kuhusu msamaha wa vifaa vya masomo kabla hujatuma.

Hatua ya 6: Mtumie namba ya kifurushi na picha ya risiti. Matapeli hupenda kutuma ujumbe wa "lipa ushuru wa mzigo wako". Mwambie asibonyeze kiungo chochote. Aingie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, aweke namba hiyo, alipe hapo.