Kabla Hujatuma Pesa ya Kompresa, Pima Kwanza Kihisi Joto cha Friji

Umenunua tokeni Jumatatu, kufikia Alhamisi zimeisha. Maziwa kwenye rafu ya juu yameganda kama jiwe, na friji inanguruma mchana kutwa bila kupumzika. Unaita fundi. Anafungua mlango, anasikiliza kidogo, halafu anasema: "Mama, hii ni kompresa. Tuma Sh6,000 nikanunue ingine."

Simu iko mkononi na pesa ziko ndani. Kutuma ni sekunde chache tu. Lakini hebu subiri kidogo. Kompresa iliyokufa haiwezi kugandisha maziwa. Friji inayogandisha kupita kiasi ina nguvu ya kutosha, ila haijui wakati wa kusimama. Mara nyingi kosa liko kwa kipande kidogo cha bei nafuu kinachoitwa kihisi joto, ambacho mafundi wengi hukiita sensa.

Kihisi joto hufanya nini?

Ni kichwa kidogo cha plastiki chenye nyaya mbili, na kwa kawaida hufichwa nyuma ya kifuniko ndani ya friji. Kazi yake ni kuiambia bodi ya umeme kuna joto kiasi gani. Kikipata baridi, ukinzani wake wa umeme hupanda. Kikipata joto, hushuka. Bodi husoma kipimo hicho ndipo iamue kuwasha au kuzima kompresa.

Sasa, maji yakiingia ndani ya kihisi, ukinzani unaweza kushuka hata kama kuna baridi kali. Bodi inadhani friji ina joto, kwa hivyo kompresa haizimwi. Chakula kinaganda na tokeni zinayeyuka.

Friji za zamani zenye kitufe cha kuzungusha tu, bila bodi wala skrini, kwa kawaida hazina kihisi cha aina hii. Hizo hutumia themostati, na haipimwi kwa njia tutakayoeleza hapa.

Hatua ya 1: Ondoa sababu ndogo ndogo

Angalia kama kuna mtu amebadilisha kiwango cha baridi. Fungia karatasi mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango imelegea na hewa ya joto inaingia. Hakikisha sufuria na mifuko haijaziba matundu ya hewa. Kama unatumia kifaa cha kulinda friji stima ikirudi, kumbuka hicho husubiri dakika chache kabla ya kuwasha. Hiyo si hitilafu.

Hatua ya 2: Pima baridi yenyewe

Usiamini namba ya skrini peke yake. Friji nyingine huonyesha kiwango ulichochagua, si baridi iliyomo. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, ilale hapo usiku kucha. Asubuhi inafaa usome nyuzi 4 za Selsiasi au chini kidogo, bila maji kuganda. Friza iwe karibu nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kama kwenu kuna mtu anayehifadhi insulini, hatua hii usiiruke. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda haifai kutumika tena, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa.

Hatua ya 3: Soma dalili

• Kompresa haizimi na chakula kinaganda: shuku kihisi.
• Ndani kuna joto lakini kompresa haiwaki kabisa: huenda ni kihisi, lakini pia huenda ni bodi, rilei au kompresa yenyewe.
• Kompresa haizimi na hakuna kinachopoa: hapa kihisi si mshukiwa wa kwanza. Huenda ni gesi, feni, au barafu iliyoziba njia ya hewa nyuma ya friza.
• Skrini inaonyesha herufi na namba usizozijua: tafuta maana yake kwenye kitabu cha friji. Bodi nyingi hutaja kihisi kilichoharibika.

Hatua ya 4: Jaribio la kikombe cha barafu

Mwambie fundi alifanye mbele yako. Achomoe friji kwenye stima kwanza, kisha achomoe plagi ndogo ya kihisi. Jaza kikombe barafu, ongeza maji kidogo, koroga na usubiri dakika tano. Maji hayo yatakuwa karibu nyuzi 0. Kichwa cha kihisi kitumbukizwe humo, plagi ibaki kavu, halafu apime ukinzani kwa mita.

Kuna aina nyingi za vihisi. Aina moja ya kawaida husoma kilo-ohm 10 kwenye nyuzi 25, na karibu kilo-ohm 30 kwenye maji ya barafu. Nyingine huanzia kilo-ohm 5. Kwa hivyo linganisha na jedwali la modeli yako. Kisha shika kichwa hicho kwa kiganja: namba inafaa ishuke polepole. Ikirukaruka, ikikataa kusonga, ikisoma sifuri, au mita ikionyesha kwamba njia imekatika, kihisi kimekufa. Kikiwa kizima, angalia plagi kama ina kutu au unyevu kabla ya kulaumu bodi.

Usikwangue barafu kwa kisu wala kugusa mabomba. Friji nyingi za siku hizi zina gesi inayoshika moto, na bomba likitoboka hasara itakuwa kubwa kuliko ile uliyoanza nayo.

Hatua ya 5: Sasa lipa, lakini kwa mpango

1. Kubaliana bei mbili tofauti: ya kipuri na ya kazi. Tuma ya kipuri kwanza, baada ya kuona kipimo.
2. Piga picha ya kibandiko chenye modeli ya friji umpe fundi, asirudi na kipuri kisichofaa.
3. Ukilipia dukani kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama si la duka hilo, simama uulize. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja.
4. PIN yako haihusiani na ukarabati. Hakuna fundi anayeihitaji.
5. Dai kipuri cha zamani urudishiwe.
6. Pesa ya kazi, au sehemu yake, ilipwe baada ya glasi ya maji kulala usiku mmoja na kusoma vizuri. Mkubaliane hivyo mapema, si kazi ikishaisha.
7. Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Kihisi kikiharibika tena wiki ijayo, huo ndio ushahidi wako.

Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba apime. Na kama kipimo kitaonyesha kihisi ni kizima na kompresa ndiyo mbovu kweli, utatuma hizo Sh6,000 ukijua unalipia nini.