Kuni Mbichi na Hewa Ukaa: Somo Kutoka Mafigani

Katika vijiji vinavyopakana na Msitu wa Magamba, wilayani Lushoto, mzigo mzima wa kuni huishia kuwa konzi chache za majivu. Kuni nyingine hazikupotea. Zimepanda hewani, na hapo ndipo hesabu ya hewa ukaa inapoanzia.

Uchukuliwe mfano wa mzigo wa kilo 20 uliokatwa jana. Mti mbichi waweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Mama aliyejitwika mzigo huo ameteremka mlimani na kilo 10 za kuni pamoja na lita 10 za maji ambayo hakuna atakayeyanywa. Mafigani, moto hulazimika kuyakausha maji hayo huku chungu kikisubiri. Mwako hupoa, moshi huwa mzito, na sehemu ya kaboni hutoka ikiwa masizi na gesi ya kaboni monoksaidi, vitu vinavyomdhuru mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake.

Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Inapoungua huungana na oksijeni ya hewani, nayo oksijeni ina uzito wake. Kwa hiyo kilo 10 za kuni kavu hutoa takribani kilo 18 za hewa ukaa, yaani zaidi ya uzito wa kuni zenyewe. Wengi hushangaa kusikia hivyo, na si ajabu.

Kama hewa hiyo itabaki angani au la, hutegemea kuni zilikotoka. Mgrivea uliopogolewa mpakani mwa shamba huchipua tena, na majani mapya hufyonza hewa ukaa kadiri yanavyokua. Mti wa msitu wa asili uliokatwa, kisha mahali pake pakalimwa viazi, hauna mrithi. Tena, kukata mti hifadhini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa sasa kaya nyingi za milimani bado zinategemea kuni, na namna ya kuzitunza ina uzito. Kuni za masika hukatwa na kupasuliwa miezi kadhaa kabla ya mvua, zikapangwa juu ya kichanja chenye paa na pande zilizo wazi. Zilizokauka huwa na nyufa kwenye ncha na hutoa mlio mkali zikigonganishwa. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, katika chungu kilichofunikwa, huiva mapema.

Jiko banifu hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Hata hivyo, Lushoto ina baridi, na mwezi Julai familia huota moto. Jiko lililokingwa halitoi joto la kutosha kuota. Ikiwa mafiga yatawashwa pembeni kwa ajili hiyo jioni nzima, akiba yote huyeyuka. Ni afadhali moto wa kuota uwe mdogo, wa kuni kavu, na dirisha likiwa wazi.

Wanaotaka kupanda migrivea mipakani wamwone ofisa misitu mapema, kabla ya mvua kuanza.