Kukodisha shamba na amana ya udongo

MIAKA michache iliyopita nilikodisha shamba aliloacha marehemu baba, ekari moja na nusu hivi, kwenye mteremko upande wa Isongole, wilayani Rungwe. Aliyekodi alikuwa mkulima wa viazi mviringo, mtu mwenye mtaji na vibarua. Tulipatana bei, akalipa taslimu, tukapeana mikono. Muda ulikuwa misimu mitatu. Hatukuandika kitu, wala hatukusema lolote kuhusu namna atakavyolima. Mimi nilikuwa Tukuyu mjini nafundisha Maarifa ya Uislamu, na mada ya amana nilikuwa naifundisha vizuri tu, alhamdulillah.

Misimu mitatu ilipokwisha nilikwenda na mama mzazi kulipokea shamba letu. Matuta yalikuwa yamepigwa kutoka juu kwenda chini kufuata mteremko, kwa kuwa hivyo ndivyo kibarua anavyomaliza kazi haraka. Ukingo wa majani ya gwatemala, ambao baba aliupanda kukingama mteremko, ulikuwa umeng'olewa ili matuta yapite moja kwa moja. Migomba ya bondeni ilikuwa imekatwa, na mabaki yote yamechomwa moto. Kule juu udongo mweusi haukuwepo tena. Kulibaki ule wa kahawia, wenye vijiwe vyepesi vya volkano, vile ambavyo watoto huvitupa majini ili waone vikielea.

Mama aliokota kijiwe kimoja, akakitazama, kisha akaniuliza: "Baba, hili shamba ulilikodisha au uliliuza?"

Nilimfuata yule mkulima. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Ustaadh, si ulinipa nilime? Nimelima. Weka mbolea ya chumvichumvi, litarudi." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Tangu hapo nimekuwa nikipekua vitabu na kuuliza mabwana shamba, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, je, mbolea itaurudisha? Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Tone la mvua likiangukia udongo ulio wazi huuvunjavunja, na maji yakipata mfereji uliochongwa kuelekea chini huondoka na ile tabaka ya juu. Tabaka hiyo ndiyo yenye mboji, nyungunyungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kugeuza majani makavu kuwa chakula cha mmea. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, nao una tabia moja ambayo wengi hatuijui: huishika fosforasi kwa nguvu isiufikie mzizi. Mkulima anaweza kumwaga mfuko mzima wa mbolea ya fosfeti na mmea ukaambulia kidogo, hasa pale ambapo samadi na mboji zimekwisha. Salfeti ya amonia nayo ikitumiwa peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali ardhini. Sisemi kwamba mbolea ya dukani ni haramu au haifai. Serikali ilipoleta ruzuku ya mbolea mwaka 2022 wakulima wengi walipumua, na walikuwa na haki ya kupumua. Ninachosema ni kwamba mbolea hulisha mmea ulioshikwa na udongo. Udongo ukishashuka na mto Kiwira hadi Kyela na kuingia Ziwa Nyasa, hakuna mfuko wa mbolea utakaoupandisha tena Isongole.

Pili, na hapa ndipo penye somo, dini inasemaje kuhusu mkataba kama ule wetu?

Wengi wetu tunajua kwamba kukodisha ardhi kwa fedha kunajuzu. Rafi' bin Khadij (r.a.) ameeleza kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mazao ya sehemu iliyo kando ya mifereji yawe ya mwenye shamba. Pengine sehemu ile ilistawi na nyingine ikaharibika, au kinyume chake, na mmoja akatoka mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) akakataza jambo hilo. Ama kukodisha kwa malipo yanayojulikana, halikukatazwa. Kwa hiyo mkataba wangu wa fedha taslimu ulikuwa halali kwa sura yake.

Lakini wanazuoni hawakuishia kwenye bei. Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafii, mlango wa ijara, kuna mas'ala ambayo nilipokuwa chuoni niliyapita haraka nikidhani ni ya watu wa kale. Mtu akikodi ardhi ili apande ngano, anaruhusiwa kupanda ngano, au zao ambalo madhara yake kwa ardhi ni sawa na ya ngano au pungufu yake. Haruhusiwi kupanda zao lenye madhara makubwa zaidi. Na anayevuka mpaka wa matumizi aliyoruhusiwa huitwa mwenye kuvuka haki, naye hubeba dhamana ya alichokiharibu.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Karne nyingi kabla ya maabara za kupima udongo, mafakihi walijua kwamba kila zao hulichosha shamba kwa kiasi chake, na wakaufanya uchovu huo kuwa haki ya mwenye ardhi inayoweza kudaiwa. Huko Andalusia, Ibn al-Awwam wa Seville alipoandika kitabu chake kikubwa cha kilimo katika karne ya 12, alianza na mlango wa aina za udongo, kisha samadi, ndipo akaendelea na mengine. Leo kijana wa Kiislamu akisikia habari za mboji na mzunguko wa mazao anadhani ni mambo ya wafadhili.

Basi yule mkulima ana kosa? Kwa kung'oa ukingo na kukata migomba bila idhini, naona ana kosa. Lakini kwa matuta sina hakika, kwa sababu mimi sikuweka sharti, na desturi ya wakodi wengi huku ndiyo hiyo hiyo. Nani aliyeiacha desturi hiyo ikakua? Ni sisi wenye mashamba, tunaotaka kodi kubwa na hatutaki kwenda kutazama.

Kosa langu mimi ni zito zaidi. Shamba lile halikuwa limegawiwa. Dada zangu wawili wana mafungu yao humo kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, na mama ana fungu lake. Nilikodisha kisha nikawapelekea fedha, nikajiona mwadilifu. Sikuwauliza kabla. Na wapo wengine ambao sikuwafikiria kabisa, nao ni watoto wao na wa kwangu.

Hapa namkumbuka Sayyidna Umar (r.a.). Ardhi ya Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya Maswahaba wakiongozwa na Bilal (r.a.) walidai igawanywe kwa wapiganaji. Umar alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ikigawanywa, watakaokuja baadaye watakuta ardhi imekwisha kurithiwa na wao hawana kitu. Alitoa ushahidi katika Surat Al-Hashr, ambapo baada ya kutajwa Muhajirina na Ansari, aya ya 10 inawataja wale waliokuja baada yao. Yaani Umar aliwahesabu wasiozaliwa kuwa ni wenye haki mbele yake. Na katika Sahihi Bukhari imo habari kwamba siku chache kabla hajachomwa kisu aliwauliza Hudhayfa na Uthman bin Hunayf, aliokuwa amewatuma huko, kama hawakuibebesha ardhi zaidi ya inavyoweza kubeba. Alikusudia kodi, ni kweli. Lakini naona swali hilo linamfaa kila anayepiga tuta kwenye mteremko.

Wazee wetu wa Rungwe, wengi wao wakiwa si Waislamu, walilijibu swali hilo kwa vitendo. Nyumba ilizungukwa na migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa maharage na magimbi, na samadi ya ng'ombe ilirudi kwenye shina. Udongo haukuachwa uchi hata mwezi mmoja. Sasa familia zimeongezeka, viwanja vimepungua, na fedha ya viazi na ya milingoti ni ya haraka. Simlaumu mwenye ada ya shule ya kulipa. Lakini milingoti imepandwa hadi kwenye chemchemi, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenye parachichi naye anapuliza dawa ya wadudu mti ukiwa umechanua, anawaua nyuki, kisha analalamika kwamba maua yamepukutika bila kushika. Surat An-Nahl tunaisoma kila mara.

Tuna mfano wa karibu. Kisiwani Misali, Pemba, palipotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi Waislamu walifundishwa uhifadhi wa bahari kwa msingi wa Qur'an, na masheikh walishirikishwa. Sijasikia bado khutba ya Ijumaa iliyozungumzia kinga maji ya shamba. Nami ni miongoni mwa wanaopewa mimbari, hivyo lawama naanza kwangu.

Shamba sasa nimelikodisha tena, kwa kijana jirani, baada ya kukaa na mama na dada zangu. Mkataba ni wa karatasi, na kodi nimeipunguza kwa theluthi. Masharti yameandikwa: matuta yakingame mteremko, ukingo wa gwatemala urudishwe, viazi vikitoka yaingie maharage, mabaki yasichomwe bali yatandazwe. Kijana amekubali, ila ameomba miaka mitano badala ya mitatu, akisema hawezi kuulea udongo ambao atanyang'anywa kesho. Nimeona ana hoja.

Dada mkubwa alitia saini, kisha akaniuliza: kodi ile ya mwanzo tuliyogawana, je, ilikuwa kodi kweli au ilikuwa bei ya udongo wetu, na kama ilikuwa bei, nani alimpa kaka idhini ya kuuza fungu lake? Nimemwomba anipe muda niulize wenye elimu kuliko mimi.